Naomba ushauri: Le Creuset, Staub au Lodge? Nina haraka kidogo

Mrashi wa Chuda: Habari za humu wapendwa. Wale mnaojua vyombo naomba mnisaidie. Nataka sufuria moja ya chuma kizito, zile zilizopakwa enameli, ya duara, upana sentimita 26. Nimesomasoma nikabaki na majina matatu: Le Creuset, Staub na Lodge. Napika kwa gesi, nyumbani tuko watano. Ipi nichukue? Iwe ya rangi ya chungwa. Niko Tanga mjini na naihitaji kabla ya Jumapili. Asanteni.

Fundi Seredani: Sufuria zote zile za Ngamiani zimekushinda? Bibi yangu kapika wali wa nazi kwa chungu cha udongo mpaka anakufa, na hakuwahi kuuliza chungu kimetoka kampuni gani.

Mpishi wa Meli: Dada, nimepika melini, hizi nimezibeba sana. Le Creuset ni ya Ufaransa, ilianza 1925 pale Fresnoy-le-Grand, na hiyo chungwa ndiyo rangi yao ya tangu mwanzo. Ndani ina weupe wa maziwa, kwa hiyo kitunguu kikianza kuungua unakiona. Staub nao Wafaransa, wa 1974, ndani nyeusi, na mfuniko una vinundu kwa chini, mvuke unadondoka kurudi kwenye nyama. Kwa nyama ya kuchemka polepole mimi ni Staub. Lodge ni Wamarekani wa Tennessee tangu 1896, ila za enameli nyingi zimetengenezwa China na bei yake ni nafuu mno kuliko ya Mfaransa. Mchuzi hautajua tofauti. Lakini mbona lazima chungwa? Na Jumapili kuna nini?

Mrashi wa Chuda: Asante kaka. Chungwa naipenda tu.

Binti Sahare: Mimi ninayo, niliipata kwenye vyombo vya mtumba. Shoga, jiandae. Kilo tano hapo hujatia hata maji. Siku ya kwanza mume wangu kaiinua kuipeleka mezani akaniuliza nanga ya jahazi nimeitoa wapi. Tangu hapo hagusi jikoni, na kisingizio anacho, mgongo. Kabla ya hapo alikuwa haoshi hata kikombe, mgongo ukiwa mzima.

Fundi Seredani: 😂😂 Nanga!

Mpishi wa Meli: Mrashi hujanijibu. Mtu anayenunua chombo cha kukaa nacho maisha hapangi siku ya mwisho.

Mrashi wa Chuda: Haya. Si yangu. Ni ya mavyaa. Zamani alikuwa mpishi kwa wazungu wa shamba la mkonge, walipoondoka wakamwachia. Ni Le Creuset, imeandikwa 26 juu ya mfuniko. Amekwenda Pemba kwenye hitima ya dada yake, anarudi Jumapili. Mimi nikaishusha kabatini nipike biriani, nikaipalia makaa juu. Kufungua, kile kishikio cheusi cha mfuniko kimepasuka, kinanuka kama waya ulioungua. Nikababaika, nikaiweka sakafuni palipokuwa na maji. Ikalia *ta!* Ndani kimebanduka kipande kama ukucha wa kidole gumba. Sasa naomba mnijibu nilichouliza: kati ya hizo mbili nyingine, ipi inafanana na hii?

Mzee wa Mabawa: Mwanangu, mama mkwe ni mama. Mpigie simu leo, usingoje Jumapili. Sisi zamani ukivunja hata kata ya maji unakwenda mwenyewe kupiga magoti.

Mrashi wa Chuda: Baba, nakuheshimu, lakini humjui huyu mama. Na nimeshatoa elfu hamsini ya kutanguliza kwa kijana wa mtumba. Anayo ya chungwa, haina jina. Ukiitazama kwa mbali ni ileile.

Mpishi wa Meli: Hela imeshatoka halafu unaomba ushauri? Haya, sikiliza. Staub iache, akifunua tu akaona weusi, wewe umekwisha. Lodge ndani ni nyeupe, angalau. Ila chungwa ya Mfaransa imekolea huku na kupauka kule, na tumbo la chini lina maandishi yake. Mtu aliyeosha chombo miaka yote hiyo anakijua kwa kiganja kabla ya jicho. Kishikio hakikupi shida, vinauzwa peke yake, hata vya chuma vipo, skrubu moja tu. Hicho cheusi hakikuumbiwa makaa. Tumbo ndilo limekwisha. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Chombo kikipoa ghafla, kioo na chuma havinywei sawasawa, kioo kinaachia. Na ikishabanduka ndani msiipikie tena, vipande vitaingia kwenye chakula.

Jicho Kavu: Jamani hii ni chai, tena ya rangi. Mwanzo kasema anapika kwa gesi. Makaa ya kupalia yakashuka mbinguni? Mkwe wa Kitanga, wazungu wa mkonge, Pemba, hitima, kila kitu kimo. Subirini kesho huyuhuyu atakuja na namba ya simu kutangaza sufuria za chungwa.

Binti Sahare: Na mimi nilishaanza kuhisi. Picha iko wapi?

Fundi Seredani: Uzi wa sufuria bila sufuria.

Mrashi wa Chuda: Gesi ninayo. Biriani napalia, nani Tanga hii anapika biriani bila kupalia? Picha siweki, wifi yangu yumo humu na ile sufuria anaijua. Ningekuwa nabuni si ningejipendelea? Pale palipobanduka ni peusi peusi, pembeni pana mstari mweupe mwembamba kama ganda la yai. Nililala nimeacha maji ndani. Asubuhi napitisha kidole, kimetoka na kutu.

Mpishi wa Meli: Kutu ya usiku mmoja. Huyo hadanganyi, chuma kitupu ndivyo kilivyo.

Jicho Kavu: Au anajua kudanganya. Wifi yako ni nani humu?

Mzee wa Mabawa: Elfu hamsini kaidai leo kabla kijana hajaila.

Mrashi wa Chuda: Nimempigia. Anasema ameshaila.

Binti Sahare: Samahani, tumesahau la maana. Biriani yenyewe?

Mrashi wa Chuda: Iliiva vizuri sana, nyama inaachia mfupa. Tuliila upande usiobanduka.