Wanaomdai marehemu wanakuja mbio, wanaodaiwa naye wamekaa kimya

Wakuu, nina hasira na sifichi.

Siku tunamzika mzee ilitangazwa makaburini kama kawaida: anayemdai marehemu na anayedaiwa na marehemu waonane na familia. Wanaodai tumewaona. Wanaodaiwa, hata mmoja hajatokea.

Mzee aliuza mchele kwa jumla. Arobaini haijafika, mfanyabiashara mwenzake akaja kwenye kikao cha ukoo akidai milioni 9 alizomkopesha "kwa kuaminiana". Karatasi hana, muamala wa simu hana, shahidi hana. Sawa, watu hukopeshana kwa mdomo. Lakini daftari la mzee linaonyesha huyu huyu alichukua magunia 60 kwa mkopo, akalipia 20 tu, na kila mstari ameusaini. Nilipomwonyesha akasema, "Hayo tulishamalizana na marehemu mwenyewe." Kwa hiyo anachodai kilipwe, anachodaiwa kisamehewe?

Kinachoniuma zaidi ni wazee wetu wa ukoo. "Mlipeni, marehemu asiende na deni la watu." Tumlipe kwa fedha ipi? Mali ya maana iliyobaki ni nyumba anayoishi mama. Deni lisilo na uthibitisho linamtoa mjane ndani, na baba zangu wadogo wanatikisa vichwa kukubali!

Msimamizi wa mirathi ni mimi, nimeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linanitaka nikusanye mali, nilipe madeni, ndipo nigawe. Na alichokuwa akiwadai watu ni mali yake pia. Ndani ya miezi minne napeleka fomu namba 5 yenye mali na madeni yote, baadaye hesabu kwenye fomu namba 6. Nikilipa kwa maneno matupu nitakayeulizwa ni mimi, si kikao.

Deni la kweli silikatai. Alete uthibitisho, thamani ya magunia 40 ikatwe humo, tuone nani anamdai mwenzake. Hataki, afungue kesi. Sheria inaniruhusu kuijibu kwa niaba ya mirathi, na madai kinzani nitayaweka siku hiyo hiyo.

Waliopitia haya naomba mniambie: daftari lenye saini ya mdaiwa, hakimu alilipokeaje? Na wazee mliwatulizaje bila ukoo kupasuka?