Ni lini mara ya mwisho redio ya FM ya Dar ilikupigia wimbo mpaka mwisho?

Ndugu wanajamvi,

Uzi huu nimeuahirisha kwa miezi kadhaa, lakini jana jioni uvumilivu uliniishia. Nilikuwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Ubungo, na kituo kimoja cha FM ambacho sitakitaja kikapiga wimbo wa dansi wa zamani, wa enzi ambazo bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Anayeujua muziki huo anajua ulivyojengwa: sehemu ya kwanza huenda taratibu, mwimbaji akisimulia kisa chake ubeti kwa ubeti, kisha magitaa hubadili mwendo na chemko huanza. Kisa kikasimuliwa chote, gitaa la solo likaanza kuvusha, nami nikawa nimeshaanza kugongagonga usukani, ndipo mtangazaji alipoingia juu ya gitaa kuwasalimu "wasikilizaji wangu pendwa", akasoma salamu tatu za ujumbe mfupi, na mara likafuata tangazo la kubashiri mechi. Wimbo haukurudi. Nilisubiri chemko kwa dakika nne, nikaletewa mkeka wa wikendi.

Wapo watakaosema kwamba FM ni teknolojia ya kizamani na kwamba nimejitakia. Sikubaliani nao, na hapo hasa ndipo hasira yangu ilipo. Matangazo ya FM hubeba sauti ya stereo mpaka kilohetzi 15, kiwango ambacho kwa masikio ya mtu mzima aliye ndani ya gari, huku bajaji na daladala zikinguruma pembeni, kinatosha na kubaki. Tena mtambo ukishawashwa, gharama yake haipandi hata tukisikiliza watu milioni moja, na msikilizaji halipi senti. Kinachoharibu muziki ni mikono ya binadamu. Vituo vinashindana kwa kelele, hivyo sauti hubanwa mpaka kinanda kilichokuwa kikinong'ona kinalingana na tarumbeta, na wimbo wote unakuwa bapa kama chapati. Nyimbo nyingine zinasikika wazi kwamba zimetoka kwenye faili duni lililorushwa kwenye simu mara kumi, matoazi yakichirizika kama mafuta ya kukaangia. Mtambo wa mamilioni unaporusha faili la namna hiyo, tatizo haliwezi kuwa masafa.

Masafa nayo yana vituko vyake, nakiri. Ukipita Posta, mawimbi yanagonga maghorofa na kukufikia kwa njia mbili tatu, na stereo inaanza kukwaruza. Halafu kuna haya magari yetu ya kutoka Japani. Wenzetu walipanga FM yao kuanzia 76 hadi 90, baadaye wakaisogeza hadi 95, wakati sisi tunatumia 87.5 hadi 108, kwa hiyo redio ya gari langu ilikuwa inagota kwenye 90 na vituo vingi vya jiji vikawa havipatikani kabisa. Fundi wa Gerezani alinifungia kile kidude cha kushusha masafa, akaniambia, "Mzee, sasa utapata vyote." Ni kweli navipata, lakini kituo cha 102 kinasomeka 88, na kikifika hapo kinakuta kingine chenye nguvu kimeshakaa, basi taarab na mahubiri vinapokezana kwenye spika moja kuanzia Magomeni mpaka Faya.

Nikahamia kwenye setilaiti. King'amuzi changu kina chaneli za muziki mtupu: hakuna mtangazaji, nyimbo hufika mwisho, na sauti ni safi. Ila ili nisikilize muziki lazima niwashe televisheni, kifurushi cha mwezi kikiisha chaneli zinafungwa, na mvua ya masika ikishuka dishi linapoteza mawimbi hata kama waya zote ni nzima. Zaidi ya yote, nimekaa jioni nzima bila kusikia wimbo hata mmoja wa bendi ya nyumbani. Wenye umri wangu watakumbuka WorldSpace, iliyorusha setilaiti yake ya AfriStar mwaka 1998 ili kulihudumia bara hili kwa redio zake maalumu, kisha ikaomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2008. Mjomba wangu wa Magomeni alinunua redio hiyo. Ipo kabatini hadi leo, inawaka taa na haitoi sauti yoyote, na yeye hataki itupwe.

Mitandao ya kusikilizia muziki ndiyo ninayoambiwa na vijana wangu kila siku, hasa tangu Spotify ilipofika nchini mwaka 2021. Nimejaribu, na nasema bila kinyongo kwamba wimbo unapigwa wote. Sasa tupige hesabu. Kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja inakula takriban MB 72. Mimi nakaa barabarani saa mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi, maana yake ni zaidi ya GB 3.7 za bando kwa ajili ya foleni peke yake. Nikipanda hadi 320, namba hiyo inajirudia mara mbili. Nikishuka hadi 24, ni nafuu, lakini gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikazorota nchini, simu yangu ilikuwa inazungusha kiduara tu, huku redio ya mkulima ya mlinzi wetu getini ikiendelea kuimba.

Na ukitafuta dansi la zamani humo, jiandae. Bendi moja iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ikapita majina ya JUWATA na OTTU mpaka ikawa Msondo Ngoma, unaikuta imetawanyika chini ya majina yote kana kwamba ni bendi nne zisizojuana, mwaka wa kurekodiwa ni mwaka ambao mtu aliupandisha wimbo mtandaoni, na nusu ya nakala zimenyonywa kutoka kwenye kanda iliyochakaa.

Kwa hiyo malalamiko yangu nayarudisha kwa wenye vituo vya FM vya jiji hili, kwa sababu wao ndio wenye chombo cha bure, kinachofika kila gari na kila kibanda cha chipsi, na wao ndio wanaokidharau. Sidai muda wote wa matangazo. Nadai saa moja, Jumapili mchana, ambayo mtangazaji atataja jina la wimbo, bendi na mwaka, kisha afunge maikrofoni mpaka chemko liishe. Mwanajamvi anayekijua kituo chochote kinachofanya hivyo Dar, naomba akiandike hapa chini pamoja na masafa yake. Kikiwa chini ya 90, nitashukuru zaidi.