Ofa ya 1,500,000: niombe ngapi?

Kinyozi_wa_Data: Wakuu, ofa ya Dar ni 1,500,000 kwa mwezi. Nataka mkononi 1,300,000. Niwajibuje?

MzeeWaPayroll: Kwanza uliza kama hiyo ni kabla ya makato. Kama ndiyo: NSSF (mchango wa pensheni) 10% ni 150,000, PAYE (kodi ya mshahara) 233,000, unabaki na 1,117,000. Ili ushike 1,300,000, mshahara uwe takriban 1,790,500. Una mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu)? Ondoa tena 15% ya mshahara wa msingi.

Dada_HR: Usisaini kwanza. Shukuru, taja kiasi kimoja (ukisema "kati ya" watashika cha chini), eleza utakachowafanyia. Wakigoma, omba bima ya familia. Ahadi ya "tutaangalia baada ya majaribio" iandikwe kwenye mkataba, tena na kiasi chake.