Ushauri: nachaguaje mbegu ya mahindi shambani kwangu?

Mkwamani: Wakuu, habari. Nimerudia mbegu ya chotara ya msimu uliopita: mashina mengine yananipita kichwa, mengine yameishia kiunoni, mahindi yana mapengo. Nataka kuhamia Staha, nitenge robo ekari ya mbegu. Jirani ana chotara mita 100 kutoka hapo. Nikichagua mahindi makubwa ghalani inatosha?

Gunzi: Haitoshi, mkuu. Chotara ukiirudia, sifa za wazazi zinagawanyika upya na ile nguvu yake inashuka, kuchagua hakuirudishi. Staha ni mbegu ya kawaida, si chotara, hiyo unaweza kuirudia. Ila hindi kubwa ghalani halikwambii limetoka wapi. Pengine shina lake lilikuwa pembeni ya shimo lisiloota, au lilipokuwa zizi la zamani. Hapo umechagua samadi, si mbegu.

Gawa shamba kwa kamba, miraba ya mita 5 kwa 5. Robo ekari inatoa miraba kama 40, na kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 kila mraba una mashina 110 hivi. Chukua mashina 5 bora ya kila mraba, unapata mahindi 200. Ukibakiza 20 au 30 tu, baada ya misimu michache mahindi yanazaana ndugu kwa ndugu na kudumaa. Mistari ya pembeni iache, ni ya kula.

Bi Shamba: Niongeze: funga utepe mashina yakiwa mabichi. Yakishakauka huoni tena lipi lilikuwa na milia kwenye majani, wala lipi lilichelewa kutoa ndevu. Ndevu zikichelewa sana baada ya mbelewele (maua dume ya juu ya shina) kumwaga unga wa kuchavusha, hindi linakuwa na mapengo. Wakati wa kuvuna, pendelea lililofunikwa na maganda mpaka ncha, fukusi hupitia hapo.

Kuhusu jirani, mita 100 ni karibu mno. Angalau 200, au mpishane wiki 4. Hesabu siku ya kutoa mbelewele, si ya kupanda, maana mbegu ya muda mfupi itakukuta njiani.

Gunzi: Kweli. Na hili wengi wanaliruka: ukichagua hindi umechagua mama tu. Baba ni unga wowote uliopita. Kwa hiyo ng'oa mbelewele za mashina dhaifu na yenye milia kabla hazijafunguka.

Ukishavuna, toa punje 60 kwa kila hindi, kiasi sawa, zinafika 12,000. Anika, kisha tia kiganja cha punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado zina maji. Kabla ya kupanda, otesha 100 kwenye kitambaa chenye unyevu. Siku ya 7 zikiota chini ya 85, ongeza mbegu shimoni.

Bi Shamba: Ya kwako tu lakini. Kuiuza kama mbegu kuna taratibu za TOSCI, taasisi ya serikali ya Tanzania inayothibitisha ubora wa mbegu.

Mkwamani: Asanteni. Hizo mbelewele nakata kwa kisu?

Gunzi: Vuta kwa mkono, taratibu, asubuhi. Kisu kinaondoka na majani ya juu, na hayo ndiyo yanayojaza punje.