Shamba la mwani la kikundi: tugawane sawasawa au kila mtu na kamba zake?

Mleta mada, Jambiani:
Assalaam alaykum, wenzangu. Nisaidieni, maana kikundini tunakaribia kununiana. Tuko wanawake 18, shamba la mwani moja, tukiuza tunagawana sawasawa. Bamvua lililopita, maji yalipotoka sana, tulishuka pwani watu saba tu. Siku ya malipo tulitimia wote, hata mwenye kuumwa mgongo alifika kabla ya mwenye daftari! Mie nasema kila mtu apewe kamba zake, na mwani wake mkavu upimwe peke yake. Si wivu. Mhandisi wa Kifaransa, Ringelmann, aliwavutisha watu kamba akapima nguvu zao, na matokeo yakachapishwa 1913: wakivuta wanane, kila mmoja hutoa kama nusu tu ya anazotoa akiwa peke yake.

Mchangiaji, Wete:
Dada, njoo Pemba msimu wa karafuu. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kila mtu na yake, hakuna kutegea. Lakini kwa kukimbilia pishi wapo wanaovunja matawi, maana mti wa mwakani hauwahusu. Huko kwenu, upepo ukikata kamba ya jirani, nani ataifunga ikiwa mzani haumhesabii?

Mchangiaji, Nungwi:
Huyo Mfaransa asitumiwe kuwasingizia watu uvivu. Wanane wasipovuta kwa mpigo mmoja nguvu hupotea bure. Sisi tukipandisha dau pwani lazima awepo wa kutoa sauti, wengine waitikie.

Mleta mada:
Kaka, hilo lina jibu. Mwaka 1974 Wamarekani walilirudia jaribio. Mtu alifungwa macho akaambiwa wenzake wako nyuma wanavuta, kumbe wamesimama tu. Hapo hapakuwa na wa kupishana naye mpigo, na bado alilegeza. Kutegea kupo.
Wa Wete ndiye aliyenigusa. Cottonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, inatufia kwenye maji ya kina kifupi yanapopata joto. Kuipeleka kwenye kina kunataka chombo na watu wanaojua kuogelea, na hilo haliwezi mtu mmoja. Basi shamba la kina liwe la wote, la huku karibu kila mtu na kamba zake. Daftari tu ndilo litakuwa na kazi.

Mchangiaji, Makunduchi:
Mwanangu, hao 11 wasioshuka, uliwapitia majumbani? Mie nimelima mwani nina mimba ya miezi minane. Bamvua halikunisubiri, wenzangu ndio walionifungia kamba. Kwa mzani wako, mwezi ule ningepata nini?

Mleta mada:
Watatu nawajua, bibi. Mmoja kajifungua, wawili wanauguza.
Wanane sijawapitia.