Naomba ushauri: kupanga kurasa za jarida la wanafunzi

Habari zenu wakuu. Ni mwalimu mlezi wa klabu ya uandishi, sekondari moja hapa Lindi. Wanafunzi wanaandaa jarida la A5: karatasi za A4 zinakunjwa katikati na kupigwa pini. Ni fotokopi nyeusi na nyeupe, rangi hatuiwezi.

Makala kubwa ni ya mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria mkubwa wa huku Lindi aliyechimbwa na Wajerumani 1909 hadi 1913 na mifupa yake iko Berlin mpaka leo. Watoto wameichangamkia kweli, kila mmoja anataka picha iwe kubwa. Tukiipanga kwa safu mbili, mstari unabeba maneno matatu manne tu. Safu moja inaonekana kama karatasi ya mtihani. Picha yenyewe ikipita kwenye fotokopi inageuka doa jeusi. Tumeiongezea mwanga kwenye kompyuta, bado. Nafikiria mmoja wao aichore kwa kalamu, ila sijaamua.

Halafu kurasa zimefika 18, na kwa kukunja lazima zigawanyike kwa nne.

Naomba kujua: kwa A5 mnatumia safu ngapi na herufi za ukubwa gani? Na hizo 18, mngepunguza hadi 16 au mngejaza ziwe 20?