Kamelia ya sebuleni inadondosha matumba

Swali, kutoka Kampala:
Ndugu zangu, nina kamelia katika chungu sebuleni, na ingawa majani yake yananawiri, matumba hudondoka yote kabla ya kuchanua. Ninakosea wapi?

Jibu, kutoka Kabale:
Pole sana, ndugu. Nadhani kosa ni joto la sebule. Mmea huu asili yake ni Asia ya Mashariki, na matumba yake hupenda ubaridi, hasa usiku. Huku kwetu, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa yenyewe hutusaidia. Uweke barazani penye kivuli chepesi kabla matumba hayajatokea, kwa sababu ukiuhamisha yakiwa tayari yamejaa, utayapoteza tena.

Jibu, kutoka Fort Portal:
Nakubaliana na mwenzangu, lakini tusisahau udongo. Kamelia na mchai ni wa jenasi moja, yaani kundi moja la mimea yenye undugu wa karibu, kwa hiyo anayeishi karibu na mashamba ya chai, kama mimi, anaelewa haraka kwamba unahitaji udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) ya 5.5 hadi 6.5, usiotuamisha maji. Mwagilia maji ya mvua ukiweza, kwani maji yenye chokaa hugeuza majani kuwa ya manjano. Mizizi ikikauka hata mara moja wakati wa matumba, yatadondoka.

Muulizaji:
Asanteni sana. Kumbe niliuhamishia dirishani matumba yalipokuwa yamejaa.